Kesi yangu ya kwanza ilifia kwenye chupa ya soda

Wanakijiji walikuwa wamechota maji ya mto chini kidogo ya bomba la kiwanda cha ngozi, wakayapeleka maabara, na majibu yakarudi yakionyesha kromiamu, metali inayotumika kulainisha ngozi, nyingi kupita kiasi. Niliingia mahakamani nikijiona nimeshashinda. Wakili wa upande wa pili, mzee mmoja mpole, hakugusa hata hoja moja kati ya zile nilizokesha nikiziandika. Alimgeukia shahidi wangu.

"Chupa hii, kabla ya kutiwa maji, ilikuwa na nini?"

"Soda."

"Uliisuuza?"

"Nadhani."

"Kuanzia Jumamosi mpaka Jumanne ilipofika maabara, ilikaa wapi?"

"Nyumbani. Chini ya kitanda."

Akashukuru, akaketi. Kesi ikaishia hapo, ingawa hukumu ilikuja miezi mingi baadaye.

Wengi mnaoniandikia, wanasheria mnaotaka kushika kesi za mazingira, mnataka kujua katiba ipi inataja haki ya mazingira safi na mikataba ipi ya kunukuu. Hayo utayasoma, na si magumu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua haki hiyo Julai 2022, kwa kura 161 bila hata moja ya kupinga. Azimio hilo lina uzito wake, ila halitakujibia swali la chupa.

Basi tuanze na maji. Usichote sehemu moja. Chota juu ya bomba, pale bombani, na chini yake, siku hiyohiyo. Usipokuwa na sampuli ya juu utaambiwa uchafu ulitoka kwa jirani wa juu, na hutakuwa na la kujibu. Chupa itoke maabara, pamoja na maelekezo yao: zipo zinazosuuzwa kwanza kwa maji ya mto huohuo, na zipo zilizokwisha kutiwa dawa ya kuhifadhi, ambazo ukizisuuza umeharibu kila kitu. Andika lebo kwa wino usiofutika kabla hujaondoka ukingoni: mahali, tarehe, saa, jina la aliyechota. Weka kwenye boksi la barafu. Kisha iwepo karatasi inayosafiri na chupa, kila anayeipokea anasaini na kuandika saa. Karatasi hiyo inachosha, na ndiyo atakayoiulizia yule mzee mpole. Ukiweza kumpata mtaalamu asiye na upande achote mwenyewe, bora zaidi.

Ushahidi mwingine usiopaswa kuudharau ni wa watu wa kawaida walioandika bila kujua wanaandika ushahidi. Katika kesi nyingine tulikuwa na mama aliyekuwa na daftari la shule, kila ukurasa tarehe na neno moja au mawili: "maji meusi", "povu", "harufu asubuhi", "safi". Miaka miwili mfululizo. Alipoambiwa kwamba mawakili ndio waliomwandikisha, alijibu, "Mimi niliandika ili nijue siku ya kufua." Tulilinganisha tarehe zake na kumbukumbu za uzalishaji za kiwanda, ambazo mahakama iliamuru zitolewe. Zilifuatana. Sijawahi kuwa na mtaalamu aliyetoa ushahidi mzuri kama ule.

Zamani mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipokwenda Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 1989 kuzuia jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi, aliambiwa hana haki ya kushtaki kwa kuwa halikumdhuru yeye binafsi. Jengo halikujengwa, lakini si mahakama iliyolizuia. Ni kelele zilizowafikia wafadhili. Leo Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 70, inasema wazi kwamba mlalamikaji halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kagua sheria ya nchi yako inasemaje kabla ya yote, maana bado kuna nchi ambako kesi inatupwa hapohapo mlangoni.

Halafu kuna siku. Leseni ya mazingira hutolewa kimya, na muda wa kukata rufaa huanza kuhesabiwa wakati wenye eneo hawajasikia hata uvumi. Kenya ni siku 60 kwenda kwenye baraza lao la mazingira, linalosikiliza rufaa za leseni hizo. Kwingine ni pungufu. Mtu akiingia ofisini kwako na habari ya mradi, swali la kwanza ni leseni ilitolewa lini, na swali la pili wewe uliijua lini. Jibu liandikwe siku hiyohiyo.

Na ukishaipata ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, usikimbilie sura za kemia. Nenda kwenye viambatisho, soma orodha za mahudhurio ya mikutano ya wananchi. Nimekuta orodha ambayo saini zote ni za mkono mmoja. Nimekuta mkutano uliofanyika kabla ripoti haijaandikwa, kwa hiyo watu waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulifutiwa leseni na baraza hilo la Kenya Juni 2019, na kasoro kubwa ilikuwa hiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Baraza halikuhitaji kuamua kama makaa ni mabaya. Hoja ya utaratibu haina mvuto kwenye vyombo vya habari, lakini hakimu anaipenda kwa sababu haimlazimishi awe mwanasayansi.

Neno la pembeni kuhusu wateja. Anayekunywa maji ya mto ule mara nyingi ana mtoto anayelipwa mshahara na kiwanda kilekile. Usimwite msaliti akijiondoa wiki moja kabla ya kusikilizwa. Mweleze tangu siku ya kwanza kwamba kesi inaweza kuchukua miaka, kwamba gharama zinaweza kumwangukia, kwamba jina lake litasomwa kwa sauti. Wakibaki watano badala ya hamsini, hao watano wana nguvu.

Sasa jambo ambalo sikufundishwa na mtu: unaomba nini? Wanafunzi huandika kurasa arobaini za hoja na nusu ukurasa wa maombi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walishinda kesi dhidi ya jalala la jiji. Mahakama ililiona ni jambo la haki ya kuishi. Ushindi mkubwa. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakawa mahakamani dhidi ya jiji lilelile. Nao wakashinda. Siwalaumu mawakili wa Tabata, wateja wao walitaka moshi uondoke. Lakini tangu niisome kesi hiyo, kila ombi langu la "aache" linafuatwa na ombi la "aeleze atapeleka wapi, kwa mpango gani, na kabla ya tarehe gani".

Ufilipino wana mfano wa pande zote mbili. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ilikubali watoto washtaki kwa niaba yao na ya vizazi visivyozaliwa kuhusu ukataji wa misitu. Dunia nzima inainukuu. Kesi yenyewe haikuendelezwa, na hakuna leseni ya kukata miti iliyofutwa kwa hukumu ile. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo iliamuru idara za serikali kusafisha Ghuba ya Manila, na kila baada ya miezi mitatu zilete ripoti mahakamani. Ukiniuliza ni ipi ya kuiga unapoandika maombi, ni hii ya pili, ingawa haipendezi kwenye hotuba.

Hukumu ikishatoka, hesabu miezi mitatu, andika tarehe ya ripoti ya kwanza kwenye kalenda ya ofisi, na wiki moja kabla yake rudi mtoni na boksi la barafu. Mama wa daftari anaendelea kuandika.