Jibu: Kuhusu mgahawa wa Kiasia wa kuwapeleka wageni

Ndugu, umeuliza kama ule mgahawa wa kifahari wa vyakula vya Kiasia hapa Mtwara unastahili bei yake, kwa kuwa una wageni wa kazini. Kwa niliyoyaona, bado. Tulisubiri karibu saa nzima, na mhudumu, ingawa alikuwa mpole, hakuweza kutueleza kilichomo katika chakula chochote. Kuku wa korosho aliletwa na korosho zilizolegea, jambo la kushangaza katika mkoa unaozivuna kwa wingi hivi. Nayo supu ya kamba ya Kithai, ambayo hutegemea mchaichai, ndimu na pilipili, ilinuka nyanya ya kopo tu. Wali ulikuwa mzuri. Ukilazimika kwenda, agiza samaki mzima wa kupikwa kwa mvuke, na uulize bei yake kabla hajapelekwa jikoni.