Jeni ikinyamaza, usiifute daftarini

Mdogo wangu unayeanza kazi na mnyoo C. elegans, wiki ya kwanza usihangaike na jeni. Shika waya wa platinamu uhamishe minyoo sahani hadi sahani, mpaka mkono wako uache kutoboa agari, ile jeli wanamoishi. Mnyoo wa milimita moja akipata tundu kwenye agari huzama humo, na humwoni tena.

Kisha jifunze kuangalia pale mayai yanapotokea. Seli ya nanga hutoa ishara iitwayo LIN-3. Jirani zake sita wanaweza kuipokea kwa kipokezi LET-23, lakini kwa kawaida ni watatu tu wanaojenga njia ya mayai, ambayo huishia na seli 22. Ishara ikikatika, njia haijengwi: mayai huanguliwa tumboni na watoto humla mama yao. (Utazoea.) Ishara ikizidi, kwa mfano jeni let-60, ambayo ndiyo Ras ya mnyoo (swichi inayopitisha ishara ndani ya seli), ikikataa kuzimika, utaona vinundu vya ziada tumboni. Yote hayo kwa hadubini ya kawaida.

Mimi jeni iitwayo sli-1 ndiyo iliyonitia aibu. Niliwatazama minyoo walioipoteza, nikakuta wanataga vizuri, nikaandika: “Haina kazi.” Dada aliyenitangulia maabara alicheka, akanituma niiondoe kwa minyoo ambao let-23 yao, jeni ya kile kipokezi, ni dhaifu. Wale walikuwa hawatagi kabisa; sli-1 ilipoondoka, wengi wakataga. Kumbe ni breki ya ishara ile. Gari lenye injini chovu halipandi mlima breki ikiwa inagusa gurudumu; iachie, uone.

Mwaka 1995 ilionekana kwamba sli-1 inafanana na Cbl, jeni ya mamalia. Protini ya Cbl hubandika yubikwitini, alama ndogo ya protini, kwenye kipokezi cha EGF (ndugu wa LET-23 kwa mamalia) ili kikavunjwe. Nako kwa panya ni ukimya uleule: aliyekosa Cbl pekee huishi, lakini akikosa Cbl pamoja na jeni ndugu yake Cbl-b hufa angali kiinitete. Mimba ya panya ni kama wiki tatu. Mnyoo hukua kwa siku tatu hivi. Kwa hiyo unganisha kasoro za jeni mbili kwa mnyoo kwanza.

Na daftarini andika ulichokiona: minyoo wangapi, jeni zao zipi, nyuzi ngapi za joto. Mimi niliandika maneno mawili nikatupa sahani, ikanibidi kuwayeyusha wengine kutoka kwenye friza.