Barua kwa mwanangu: Wavunaji wenye mashati meupe

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani, sote tu wazima. Umeniandikia kwamba ulipokwenda Tate Britain, jumba la sanaa hapo London, ulisimama kwa muda mrefu mbele ya picha ya mwaka 1785 iliyochorwa na Mwingereza George Stubbs inayoonyesha watu wakivuna ngano, ukashangaa inakuwaje watu wafanye kazi ile juani huku mashati yao ni meupe na soksi zao hazina doa. Unataka nikuambie, mimi niliyefundisha historia, kama mchoraji huyo alisema uongo.

Kwanza nitamtetea, kwa sababu anastahili. Stubbs alizaliwa Liverpool mwaka 1724, mtoto wa fundi wa ngozi, na kabla hajapata jina alikaa katika nyumba ya shambani huko Lincolnshire akipasua mizoga ya farasi tabaka kwa tabaka, ili ajue kila msuli umeshikana na mfupa gani; kazi hiyo ilizaa kitabu chake cha anatomia ya farasi, kilichotoka mwaka 1766. Jicho lililojifunza hivyo ndilo lililowatazama wavunaji. Watazame tena wale wanaume walioinama na mundu. Nilipokuwa msichana nilivuna mpunga kwa mundu kule Kyela, na mgongo uliopinda namna ile naufahamu vizuri sana, kwa hiyo nakuhakikishia kwamba mchoraji hakubahatisha. Ukisogea kwenye picha pacha, ile ya watu wanaokusanya nyasi kavu, utamkuta mwanamke aliyesimama na reki yake akitutazama sisi moja kwa moja, bila kujinyenyekeza wala kuomba chochote. Katika karne ile mfanyakazi wa shambani hakupewa mara nyingi nafasi ya kusimama hivyo katikati ya picha, na kwa jambo hilo ninamheshimu Stubbs kutoka moyoni.

Lakini ulichokiona umekiona kweli. Picha zile zilipelekwa kwenye maonyesho ya Royal Academy, chama cha wasanii huko London, mwaka 1786, mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwahi kushika mundu, na mwenye ardhi alipenda kuwaona maskini wakiwa wasafi, wachapakazi na watulivu. Ndiyo maana jasho limeondolewa, na vumbi pia. Kuna mtu mmoja asiyevuna, naye ni nyapara aliye juu ya farasi, anayewatazama wavunaji. Stubbs hakumficha, amemweka palepale pamoja nao, na mimi nadhani picha hiyo inaanza kueleweka pale unapomtazama yeye kwanza, kisha ukawarudia walioinama.

Kilichokosekana zaidi kiko nje ya fremu. Katika miaka hiyohiyo Bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia uzio mashamba na malisho yaliyotumiwa na wanakijiji kwa pamoja. Familia iliyokuwa na haki ya kulisha ng'ombe mmoja na kuokota kuni ilijikuta haina tena kitu isipokuwa ujira wa siku. Baada ya mavuno, wanawake na watoto walikuwa na desturi ya kuingia shambani kuokota masazo ya masuke, kama Ruthu wa Biblia katika shamba la Boazi, na masuke hayo yaliwapa unga wa kuanzia majira ya baridi. Mwaka 1788, miaka mitatu tu baada ya Stubbs kumaliza picha yake, kesi ya mwanamke wa Suffolk aitwaye Mary Houghton ilifika mahakamani London, na majaji wengi wakaamua kwamba sheria ya Uingereza haimpi mtu yeyote haki ya kuokota masazo katika shamba la mwingine. Sheria ya Musa, inayowaachia maskini masazo ya mavuno, ilitajwa kumtetea; wakasema haiwafungi. Jaji mmoja, Gould, alikataa kukubaliana nao. Watu waliendelea kuokota masazo katika vijiji vingi hata baada ya hukumu hiyo, ila sasa mwenye shamba alikuwa na hoja ya kuwafukuza.

Kwa hiyo nikijibu swali lako waziwazi: Stubbs alisafisha, lakini hakuwafuta watu. Aliyewafuta ni mchoraji mwenzake, Thomas Gainsborough, katika picha yake ya Bwana na Bibi Andrews ya mwaka 1750 hivi, iliyoko National Gallery, jumba jingine la sanaa hapo London. Robert Andrews anasimama na bunduki yake, mkewe Frances ameketi na gauni la buluu, na upande wa kulia kuna miganda ya ngano iliyosimamishwa vizuri juu ya mabua yaliyokatwa kwa mistari iliyonyooka. Shamba ni lao, karibu na Sudbury huko Suffolk. Aliyekata ngano hayupo, aliyefunga miganda hayupo, wala mundu hauonekani. Mavuno yamejikamilisha yenyewe kwa ajili ya wenyewe. Gainsborough baadaye aliwachora wanakijiji wakipanda mkokoteni wa mavuno, tena kwa mapenzi makubwa, lakini pale wakiwa wamekwisha kutoka kazini. Kati ya picha hizi, ile isiyo na mtu shambani ndiyo inayonisumbua zaidi, pamoja na kwamba rangi zake ni nzuri mno.

Nenda ukaitazame Jumamosi, uanze na ile miganda kabla ya nyuso zao, halafu uniandikie kama unakubaliana nami au la.

Mama yako