Maswali ya Wasomaji: Pimeni Nyasi Bahari Kabla Mchanga Haujamwagwa

SWALI: Hoteli zilizo jirani na bandari yetu ya wavuvi zinataka kurudishia ufukwe mchanga uliochukuliwa na mawimbi. BMU yetu (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) imeombwa isaidie kupima nyasi bahari kabla kazi haijaanza. Tuanze na nini? – Mvuvi, Kwale

JIBU: Anzeni na mchoro wa mhandisi. Mwulizeni mambo mawili: ukingo wa mchanga utafika wapi siku ya kumwagwa, na utafika wapi mawimbi yakishautandaza. Mchanga haukai ulipomwagwa. Bahari huuvuta kwenda kina kirefu mpaka mteremko utulie, na huko ndiko nyasi hufukiwa. Wanaopima hadi ukingo wa kwanza tu hukuta baadaye nyasi zimezikwa nje kabisa ya eneo walilolipima.

Wekeni kituo kimoja mchanga utakapofika, kingine pembezoni mwake, na viwili mbali, upande ambao mkondo haupeleki tope, vyenye kina na aina zilezile za nyasi. Hivyo vya mbali msikubali vikatwe kwenye bajeti. Mvua za masika na mawimbi ya kusi, msimu wa upepo wa kusini, huchafua maji kila mwaka, mradi uwepo usiwepo. Bila vituo hivyo, atakayedai kwamba nyasi zimeuawa na kusi hamtakuwa na la kumjibu.

Kila kituo kiwe na mistari mitatu ya mita 50, kutoka pwani kuelekea baharini, iliyoachana mita 25. Kuanzia sifuri, kila baada ya mita 5 wekeni fremu ya sentimita 50 kwa 50. Hizo ni fremu 11 kwa mstari, 33 kwa kituo. Bomba la PVC la nusu inchi latosha, ila litobolewe matundu ili maji yaingie lizame. Tembeeni kushoto mwa tepu na fremu iwe kulia, maana palipokanyagwa hapapimiki.

Katika kila fremu andikeni: nyasi zimefunika asilimia ngapi, ni za aina gani, mwani ni kiasi gani, chini ni mchanga au tope, kisha pigeni picha kutoka juu. Urefu wa majani pimeni kwa matatu, mkiyaacha yale machache yaliyochomoza kupita wenzake. Aina msiziruke. Halophila ovalis, yenye vijani vidogo vya mviringo, hufa kwa sentimita chache tu za mchanga; Thalassodendron ciliatum, ile yenye shina gumu, ikishang'oka hurejea polepole mno.

Kosa kubwa ni la macho. Fremu moja, huyu anasema 40, yule anasema 60. Kabla ya kila zoezi wapimaji wote wakadirie fremu kumi zilezile, kila mtu kimya kimya, kisha mlinganishe. Tofauti ikizidi 10, rudieni mpaka mkaribiane.

GPS ya simu hukosea mita kadhaa, kwa hiyo msiitegemee kurudi palepale. Pigilieni nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja, kila mwisho wa mstari, ibaki sentimita 20 juu. Kwa rula mtajua mchanga umepanda au umeshuka. Kichwa cha nondo kivisheni kipande cha bomba na muwajulishe wenzenu, isije ikachoma mtu au kurarua nyavu.

Nendeni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida. Pwani yetu maji hayo hupwa karibu saa nne asubuhi. Ingieni muda wa saa moja na nusu kabla ya hapo, mmalize kabla hayajaanza kujaa. Pimeni mwaka mzima, angalau mara mbili wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, na mara mbili wakati wa kusi.

SWALI: Tutajuaje kama mchanga unaoletwa una tope? – Msomaji, Diani

JIBU: Maabara huchekecha: chembe zilizo chini ya milimita 0.063 ndizo tope. Kanuni za Florida, Marekani, ambako fukwe hujazwa mchanga mara kwa mara, huweka kikomo cha asilimia 5 kwa uzito. Nyumbani, tieni mchanga theluthi ya chupa ya kioo, jazeni maji, itikiseni, iacheni. Mchanga hutua upesi. Tope hubaki likielea. Fanyeni hivyo hivyo kwa mchanga wa ufukwe wenu, mlinganishe. Daini pia sampuli za tabaka za chini kule utakakochimbwa, kwani tabaka la juu husafishwa na mkondo na huweza kuficha matope.

SWALI: Na viota vya kasa? – Msomaji, Msambweni

JIBU: Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Ufukwe ukaguliwe kila alfajiri kabla ya mashine kuingia, kila kiota kizungushiwe alama, na pasimwagwe kitu juu yake. Mchanga ukishindiliwa na magari ulegezwe, la sivyo kasa hawezi kuchimba.