Fundi Anajibu: Behewa Fupi kwa Kona Kali

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mabehewa ya abiria mafupi kupita kawaida, yale ya madirisha matatu manne tu, kwenye treni ndogo za mezani. Vipimo vyote hapa ni vya HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, kwenye reli ya upana wa milimita 16.5, kwa kuwa ndiyo waliyonayo wote walioandika.

Meza yangu ya plaiwudi ina sentimita 80 kwa 160 na iko sebuleni, haiwezi kuongezeka. Ndugu yangu kaniletea kutoka Marekani mabehewa matatu marefu ya abiria. Kwenye kona yanatokeza nje ya meza, na moja limeshaangusha jengo la stesheni. Kona zangu ni zile za nusu kipenyo cha milimita 371. Nibadilishe reli au mabehewa? – Msomaji, Sinza

Badilisha mabehewa. Kwenye upana wa sentimita 80 huna pa kuisogeza kona.

Behewa halisi la Kimarekani la futi 85 lina kama mita 26, na kwa HO linatoka milimita 298. Bogi zake, yaani vile vigari vya magurudumu vinavyozunguka chini ya kila ncha, zinaachana katikati hadi katikati kama milimita 208. Ukitaka kujua tumbo la behewa litaingia ndani ya kona kiasi gani, zidisha umbali wa bogi kwa wenyewe, halafu gawanya kwa nusu kipenyo mara nane. Kwa kona yako ni milimita 14.6. Ncha nazo zinatoka nje milimita 15 na kidogo. Ongeza nusu ya upana wa behewa, kama milimita 17, unapata 32 kutoka katikati ya reli. Katikati ya reli yako hadi ukingo wa meza kuna milimita 29 tu. Stesheni haikuwa na pa kukimbilia.

Kanuni wanayoitumia wajenzi wengi ni hii: nusu kipenyo cha kona kikiwa mara mbili ya urefu wa behewa, litapita kwa kubahatisha, kikiwa mara tatu, litapita kila siku, kikiwa mara nne, litapita na kupendeza macho. Gawanya 371 kwa tatu, unapata milimita 124. Hilo ndilo behewa lako. Weka bogi zake umbali wa milimita 74, tumbo litaingia ndani chini ya milimita 2 na ncha zitatoka kama milimita 3.3. Meza inatosha na nafasi ya stesheni inabaki.

Na wageni wakicheka wakisema hakuna behewa la namna hiyo duniani, wajibu kwamba lipo. Mwaka 1902 kampuni ya Holman ya San Francisco iliiundia Sierra Railway ya California mabehewa mawili mafupi kwa ajili ya tawi la kwenda Angels Camp, ambako milima iliwalazimisha kujenga kona kali na miinuko mikali. Namba 5 lilibeba mizigo upande mmoja na abiria upande mwingine. Namba 6 lilikuwa la abiria watupu. Yote mawili bado yapo Jamestown, kwenye makumbusho ya reli.

Jambo moja hukuuliza. Kama ndugu yako alileta na transfoma, soma maandishi ya mgongoni kabla ya kuichomeka. Ya Marekani ni ya volti 120, na soketi ya hapa inatoa 230. Itaungua palepale.

Shikamooni mafundi. Nina behewa la plastiki la milimita 298, limepasuka ubavu katikati. Nina msumeno wa chuma, msasa na supa gluu. Nataka nilifupishe lifike 124 ila milango ya mwishoni ibaki. Nikate wapi? – Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Temeke

Marahaba, mwanetu. Umeanza vizuri kwa kuuliza kabla ya kukata.

Fungua kwanza behewa lote: paa, vioo, sakafu, bogi. Usikate kitu kikiwa kimeunganishwa. Unachohitaji ni ncha zote mbili zenye milango, na madirisha machache katikati. Usijaribu kuyabana madirisha yawe membamba. Toa madirisha mazima. Mtu wa HO ana urefu wa kama milimita 20, na mlango wake ni kama milimita 23. Behewa fupi linaaminika pale mlango, ngazi na kimo cha dirisha vinapobaki vya binadamu. Ukipunguza na hivyo, unapata mwanasesere.

Mstari wa kukata upite katikati ya nguzo iliyo kati ya dirisha na dirisha, siyo pembeni mwa dirisha. Zungushia utepe wa karatasi pande zote ili mstari ukutane ulikoanzia. Sasa angalia msumeno wako: ule wa chuma unakula karibu milimita moja ya plastiki, na meno yake yanachana. Kata milimita moja nje ya mstari, kisha maliza kwa msasa. Bandika msasa namba 240 kwenye kipande cha kioo cha dirisha, simamisha behewa juu yake na usugue kwa mviringo, ukipima na guniamraba, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, kila baada ya mizunguko michache. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanashika msasa mkononi, ukingo unakuwa na tumbo, na behewa likishaungwa linapinda kama ndizi. Hakuna gundi ya kurekebisha hilo.

Paa usilikate sambamba na kuta. Kiungo cha paa kikae dirisha moja mbele au nyuma ya kiungo cha ukuta, ili visikutane vyote sehemu moja na kuvunjika pamoja. Ndani, nyuma ya kila kiungo, bandika kipande cha plastiki cha upana wa milimita 10 kikikalia pande zote mbili. Ukipata gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki, tumia hiyo. Supa gluu inashika haraka lakini ukiangusha behewa kiungo kinaachia kwa mkupuo. Tena supa gluu inatoa mvuke unaotia ukungu mweupe kwenye vioo, na kwa unyevu wa Dar unakuwa mbaya zaidi. Vioo virudishwe siku ya pili, siyo kabla.

Sakafu kata mpya kwa plaiwudi ya milimita 3 au plastiki nene. Bogi za zamani weka kando. Za abiria zina kama milimita 28 kutoka ekseli hadi ekseli, na chini ya behewa la 124 gurudumu la mbele litagonga kasha la koplingi, ile ndoano ya kuunganishia mabehewa, kila kona. Tafuta bogi za behewa la mizigo, zenye kama milimita 19. Zinaacha zaidi kidogo ya milimita 10 mbele ya gurudumu, nafasi ya kutosha koplingi ya kawaida.

Skrubu ya bogi moja ikaze mpaka bogi izunguke bila kuyumba kushoto na kulia. Ya pili iache ilegee kidogo, iweze kuyumba. Behewa litakuwa limekaa kwenye pointi tatu kama kigoda, na magurudumu yote manane yatagusa reli hata pale ubao ulipojipinda.

Kama huna plastiki ya ziada, kadi ngumu ya boksi la viatu inafaa kwa kuta, mradi uipake vanishi pande zote mbili, mara mbili, kabla ya kutoboa madirisha. Ukipaka upande mmoja, msimu wa masika utaipinda.

Nilifanya kazi reli miaka mingi, kwa hiyo bogi siyo jambo geni kwangu. Behewa langu fupi la milimita 124 linakwenda mbele bila tatizo. Nikilifunga nyuma ya behewa refu, au nikisukuma treni kinyumenyume, linaacha reli kwenye kona ileile. Magurudumu nimeshabadilisha. – Mstaafu, Yombo

Mzee wetu, heshima yako. Magurudumu hayana kosa, ingawa ni vema kuhakikisha kwamba mgongo hadi mgongo, yaani kati ya nyuso za ndani za magurudumu mawili ya ekseli moja, yana kama milimita 14.4.

Kwenye kona ya 371 ncha ya behewa refu inatoka nje milimita 15, ya fupi milimita 3. Koplingi imefungwa kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo katikati yake kuna tofauti ya milimita 12 inayolivuta behewa fupi ubavuni. Likivutwa, uzito wa nyuma unalisaidia kunyooka. Likisukumwa, nguvu yote inaingia ubavuni na gurudumu linapanda reli. Kwa hiyo behewa refu na fupi visifungwe jirani. Weka kati yao la urefu wa wastani, milimita 180 hadi 200, au liache refu kabatini. Wengine hufunga koplingi yenye mkono mrefu. Inapunguza tatizo, haiondoi.

Halafu uzito. Chama cha wajenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO aunsi moja ya kuanzia na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa gramu ni 28 ya kuanzia na 5.6 kwa kila sentimita. Behewa la sentimita 12.4 linataka gramu 97. Lipime kwenye mizani ya jikoni. La plastiki lililokatwa kwa kawaida liko mbali chini ya hapo, kwa sababu umetupa zaidi ya nusu yake.

Chubwi za wavuvi, zile za madini ya risasi, ni dawa ya bei nafuu. Zipondeponde ziwe bapa, zipange sakafuni juu ya bogi zote mbili kwa usawa, zisipande hadi kwenye madirisha. Uzito ulio juu unaliangusha behewa ubavuni. Bandika kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya. Gundi nyeupe ya mbao usiitumie kwa risasi: baada ya muda risasi huota unga mweupe, inavimba na kupasua kuta kwa ndani. Nawa mikono ukimaliza, na wajukuu wasiziguse chubwi zikiwa wazi.

Mwisho angalia koplingi ziko kimo kimoja. Katikati yake iwe milimita 9.9 juu ya kichwa cha reli. Behewa ukiliongezea uzito huenda likashuka kidogo, na koplingi iliyoshuka itapenya chini ya mwenzake wakati wa kusukuma.

Nimeweka taa ndani ya behewa fupi, inamweka kila likipita kwenye swichi ya reli, pale njia inapogawanyika. Mabehewa marefu hayafanyi hivyo. – Msomaji, Mbezi

Behewa fupi linachukua umeme kwenye kipande kifupi cha reli, kwa hiyo doa dogo la uchafu au plastiki ya swichi inatosha kulikatia. Chukua umeme kwenye magurudumu ya bogi zote mbili, siyo moja. Kisha, kama unatumia umeme wa kawaida wa DC wa volti 12: reli kwenda kwenye daraja la daiodi nne, linaloelekeza umeme upande mmoja, baada ya hapo kapasita ya kuhifadhi umeme, ya maikrofaradi 470 na volti 25, kisha rezista ya kilo-omu 1 na LED moja nyeupe. Taa itadumu kama sekunde moja ikififia taratibu, muda wa kutosha kuvuka. Kapasita ina chanya na hasi. Ukiigeuza itavimba na kupasuka ndani ya behewa ulilolipaka rangi wiki nzima.

Kabla ya yote hayo, futa reli kwa kitambaa na spiriti. Hewa ya bahari haichagui mtaa.

Nataka behewa la kuchekesha kabisa: kiberenge cha abiria chenye kibanda na paa la mabati. Mtasema nimeharibu uwiano? – Msomaji, Kigamboni

Hatutasema. Uingereza, kwenye maonyesho ya Festival of Britain ya 1951, mchoraji vibonzo Rowland Emett alitoa vichwa vya treni vya mzaha kwenye karatasi zake na kuvifanya treni halisi iliyobeba watu bustanini Battersea. Mzaha una nafasi yake kwenye reli, ila chagua kitu kimoja cha kuzidisha. Kama ni ufupi, basi acha paa, rangi na ngazi ziwe za kweli. Ukizidisha kila kitu, jicho halijui licheke wapi.

Kuna jambo la upana wa reli. Milimita 16.5 kwa HO ni reli ya kimataifa, mita 1.435, kama SGR yetu. Kiberenge cha reli ya kati ya zamani kinahitaji reli ya milimita 12, ambayo inafaa pia kwa TAZARA, maana milimita 1,067 za TAZARA zinatoka 12.3. Kwa kiberenge cha mzaha kuna njia rahisi zaidi: nunua chasisi yenye mota ya saizi N, inayotembea kwenye reli ya milimita 9, na uivike kibanda cha HO. Inakuwa kama treni za reli nyembamba za mashamba ya mkonge.

Kibanda kiwe na urefu wa milimita 55 hadi 60, upana usizidi 24, na paa lisiwe juu zaidi ya milimita 36 kutoka kwenye reli. Likizidi hapo kwenye reli ya 9, kitapinduka kona ya kwanza. Mabati tengeneza kwa karatasi nene ya alumini ya trei ya chakula, ukiikandamiza kwa kalamu isiyo na wino juu ya kitana cha meno membamba. Nguzo ni waya wa shaba wa milimita 0.5. Abiria waketi wakitazama pembeni, migongo imegusana, kwa sababu wakitazama mbele magoti yao yatagonga mota. Chubwi weka chini ya benchi.