Kuhamia mtaa wenye watu wa kila namna

Dada, umeuliza kama uhamie na watoto wako kwenye mtaa wa mjini wenye familia za dini na lugha tofauti, na unaogopa kelele na watoto kukosa wenzao. La watoto lisikunyime usingizi: wataanza na mpira, lugha itafuata. Kelele ndiyo ya kupima. Kabla hujalipa chochote, nenda jioni ya siku ya kazi, kisha urudi Jumamosi usiku. Simama karibu na dirisha la chumba watakacholala watoto, usikilize. Tazama pia watoto wa pale wanavukia wapi barabara, na kama kuna mtu mzima anayewatupia jicho. Hapo utajua mengi kuliko kwa dalali (kwake kila nyumba ni tulivu).

Ukishahamia, wahi kupiga hodi kwa majirani mnaopakana ukuta, jitambulishe, uulize wanapenda kuitwaje. Una sherehe? Waarifu mapema. Na jirani akikukera, mfuate mlangoni kwake mkazungumze. Usimseme kwenye kundi la simu la mtaa, maana watu watagawanyika na ugomvi wa taka utageuka wa dini.