Kalsiamu na homoni yake: leteni majibu yote mawili

Kalsiamu yangu ni milimoli 2.82 kwa lita, ila homoni ya parathairoidi ni pikogramu 58 kwa mililita, ndani ya kiwango cha 15 hadi 65. Nimeambiwa niko sawa. (Mama, Morogoro)

Hauko sawa, mama: kalsiamu hiyo iko juu. Kiwango kile cha pembeni ya karatasi kinamfaa mtu ambaye kalsiamu yake iko vizuri. Kalsiamu ikipanda, tezi nne za parathairoidi zinazotoa homoni hii ya kupandisha kalsiamu, zilizo shingoni nyuma ya tezi ya goita, kila moja kama punje ya mchele, hutakiwa kunyamaza, homoni ishuke chini kabisa. Zako bado zinamwaga. Uvimbe wa tezi moja hujificha hivyo hivyo miaka nenda rudi, mgonjwa akitibiwa mawe ya figo na uchovu usioisha. Rudia vyote viwili kwa mchomo mmoja, uongeze albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu), kriatinini (kipimo cha figo) na vitamini D, kisha umwone daktari wa homoni. Mtajie dawa zako zote: lithiamu na vidonge vya presha vya kukojoza vya jamii ya thayazaidi hupandisha kalsiamu.

Homoni yangu ni 92. Ni saratani?

Kalsiamu je? Kila wiki naletewa namba ya homoni peke yake, na kila wiki narudia: bila kalsiamu ya siku hiyo hiyo haisomeki. Upungufu wa vitamini D na figo dhaifu huipandisha pia, na hayo ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Nipime nikiwa sijala?

Ndiyo, asubuhi, na usimeze kidonge cha kalsiamu kabla. Wanaotumia baiotini ya nywele wamwambie mpimaji. Inaweza kushusha jibu la homoni kwa uongo.

Kalsiamu 1.1, potasiamu 9, lakini mgonjwa anatembea na kula vizuri. (Mwanafunzi wa maabara)

Namba hizo ni za mtu mahututi, si za anayetembea. Damu ya kichupa cha zambarau imeingia kwenye chekundu, kile cha kupimia kalsiamu. Nimeona kwa macho yangu: chekundu hakikujaa, kijana akafungua cha zambarau akamiminia. Dawa iliyo kwenye cha zambarau ya kuzuia damu isigande hukamata kalsiamu, na ina potasiamu ndani yake. Toa damu upya, chekundu kitangulie. Mpira wa kufungia mkono nao usikae zaidi ya dakika moja, hupandisha kalsiamu.

Nimetolewa goita juzi, midomo na vidole vinafa ganzi. Nisubiri kliniki ya Jumatatu?

Usisubiri. Huenda tezi zile nne ziliguswa kwenye upasuaji, kalsiamu ikashuka. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku, wakupime kalsiamu kabla hujaanza kukakamaa.